Seti ya Kuigeuza Autococker Kuwa Bunduki ya Pampu: Tathmini Baada ya Miezi Minane

Kwa miezi minane sasa nimekuwa nikiitumia bunduki yangu ya peintiboli (mchezo wa kupigana kwa risasi za rangi), Autococker ya nusu otomatiki, ikiwa imegeuzwa kuwa ya pampu: kila risasi hukokiwa kwa mkono, na kifyatulio hakina kazi nyingine ila kuiachia nyundo. Seti niliyotumia ilitoka kwenye karakana ndogo inayokereza vipuri vya bunduki hizi, na kwa kuwa kipande kimoja kilinifikia kikiwa na kasoro, jina la karakana hiyo nitalihifadhi. Hukumu yangu naitoa mapema, ili asiye na nafasi ya kusoma yote asisumbuke: vyuma vya seti hii ni imara, maelezo yake ya ufungaji ni haba, utoboaji wa matundu ulihitaji jicho la pili kabla ya kufungashwa, na bunduki iliyotokana nayo ni nzuri kuliko nilivyotarajia, ingawa si kwa sababu zile ambazo wauzaji wa seti hizi hupenda kuzitaja.

Si kila bunduki ya nusu otomatiki inastahili kugeuzwa, na hapo ndipo mnunuzi anapaswa kuanzia kabla ya kutazama rangi ya mpini wa kupampu. Autococker, iliyotokana na kazi ya Bud Orr wa Worr Game Products, ni mtoto wa bunduki ya pampu. Kampuni hiyo ilikuwa ikitengeneza pampu iliyoitwa Sniper, na Autococker ni ile ile Sniper iliyoongezewa mtambo wa hewa upande wa mbele ili mtambo huo ushike nafasi ya mkono. Ushahidi unaonekana wazi kila risasi inapopigwa: bloku ya nyuma hutoka, husimama kidogo, kisha hurudi, ikisukumwa na kuvutwa na ufito mwembamba uliopenya bodi, yaani mwili wa bunduki, kutoka mbele hadi nyuma. Ufito huo haukubuniwa kwa ajili ya hewa. Ulikuwepo tangu enzi za mkono.

Katika hali yake ya kawaida, kifyatulio cha Autococker kina kazi mbili. Hatua ya kwanza ya kukivuta hukishusha kikomeo, kile kipande kinachoishika nyundo, nyundo ikaachiwa, ikagonga vali, na gesi ikaisukuma risasi. Hatua ya pili huisogeza vali ndogo ya njia tatu iliyo mbele, nayo huipelekea silinda fupi hewa ya presha ndogo, silinda ikausukuma ufito, na ufito ukairudisha nyuma bloku pamoja na bolti na nyundo. Ukikiachia kifyatulio, safari inakamilika: bloku inarudi mbele, bolti inaifungia risasi mpya ndani ya mtutu, na nyundo inabaki nyuma imeshikwa na kikomeo. Kwa hiyo ukiondoa silinda, vali ya njia tatu, kipunguza presha na mipira inayoviunganisha, hujaharibu kitu chochote cha msingi; umebaki na ufito unaosubiri kitu cha kuusogeza.

Kitu hicho ndicho kinachouzwa. Ndani ya boksi nilikuta mpini wa alumini, ufito mpya wa pampu wa chuma kisichoshika kutu, ufito wa mwongozo wenye thredi upande mmoja, springi laini ya kuurudisha mpini mbele, oringi tatu (pete za mpira za kuzuia uvujaji), skrubu mbili ndogo na karatasi moja ya maelekezo. Hakukuwa na springi ya nyundo wala spana za L, jambo ambalo silihesabu kuwa kosa, kwa sababu aliyekwisha kumiliki Autococker kwa mwaka mmoja tayari ana spana hizo kwenye kila mfuko wa suruali. Karatasi ya maelekezo ndiyo iliyonikera. Ilikuwa na mchoro mmoja tu, tena wa bodi ndefu, ilhali bodi za Autococker hazikutengenezwa kwa urefu mmoja miaka yote. Yangu ni ile fupi, na urefu wa bodi ndio unaoamua ufito wa pampu uwe mrefu kiasi gani. Bahati ni kwamba nilipima kwa venia kalipa kabla ya kuagiza na kuwatumia vipimo vyangu, na ufito niliotumiwa ulikuwa sahihi. Anayeagiza kwa kutaja jina la bunduki peke yake anacheza kamari.

Kazi ya kufungua ilinichukua chini ya saa moja, lakini sehemu yake ya kwanza haitakiwi kuharakishwa. Chupa ya gesi iondolewe, kisha bunduki ipigwe tupu, bila risasi na ikiwa imeelekezwa mahali salama, mpaka isitoe hata pumzi. Wakati wa kuizungusha chupa, macho yawe kwenye maungio na si kwenye mikono: inatakiwa chupa yote izunguke pamoja na vali yake. Ikionekana kwamba vali imebaki imekwama kwenye bunduki na chupa ndiyo inayojifungua kutoka kwenye vali, simama hapo hapo na uipeleke kwa fundi anayejua, kwa sababu chupa za kaboni dioksidi zilizong'oka namna hiyo zimewahi kuua watu. Sijui kwa nini maelekezo ya seti nyingi huanza na skrubu ya kwanza badala ya kuanza na sentensi hiyo.

Baada ya hapo ni kazi ya kupendeza. Mipira midogo inachomolewa, kipunguza presha kinafunguliwa, silinda inatoka pamoja na ufito wa zamani, vali ya njia tatu inaachana na kifyatulio, na mwishowe bloku ya mbele, ambayo ilikuwa imebeba mzigo wote huo, inaondoka kwa skrubu moja nene. Skrubu hiyo ina siri inayowakamata wengi: haishikilii tu, bali ina tundu ndani yake linalopitisha gesi kutoka kwenye bodi kwenda kwenye mtambo wa mbele. Ukiiondoa na kuacha pengo, gesi yote itatokea hapo. Katika seti hii, ufito wa mwongozo ndio unaokaa mahali pa skrubu hiyo, kwa hiyo una kazi mbili, ya kuuongoza mpini usiyumbe na ya kuwa kizibo.

Ufito wangu wa mwongozo ulivuja mara ya kwanza. Nilipofunga chupa nilisikia sauti nyembamba kama ya sufuria inayokaribia kuchemka, nikapaka maji ya sabuni kwa brashi, na mapovu yakachanua kuzunguka shina la ufito. Mkono wa kwanza wa kila mtu hukimbilia kukaza zaidi, nami nilikuwa nimekwisha kuishika spana nilipojizuia. Thredi za bodi ni za alumini na ufito ni wa chuma. Katika pambano hilo alumini haishindi. Nilifungua, nikakuta oringi imekunjwa upande mmoja kwa sababu niliifunga ikiwa kavu, nikaweka nyingine kati ya zile tatu ikiwa na tone la oili, na uvujaji ukakoma bila nguvu yoyote ya ziada. Kwa hili siwalaumu watengenezaji, na kwa kweli nawashukuru kwa kuweka oringi za akiba.

Lawama yangu iko kwenye mpini. Nilipomaliza kufunga kila kitu na kuuvuta kwa mara ya kwanza, ulirudi nyuma vizuri, nyundo ikashikwa kwa mlio safi, lakini wakati wa kwenda mbele ulikwama katika milimita kama nne za mwisho. Haukusimama kabisa, ulisita, kisha ukapita kwa kusukumwa. Kwa mtu asiyeijua pampu, kusita huko kunaweza kuonekana jambo dogo. Kwa hakika ni kasoro kubwa kuliko zote ambazo seti ya namna hii inaweza kuwa nazo, kwa sababu milimita nne hizo ndizo zinazoamua kama bolti imefunga au imeacha mwanya nyuma ya risasi. Bolti ikiacha mwanya, gesi inapotoka hupanda juu kwenye hopa, chombo cha risasi kilicho juu ya bunduki, badala ya kwenda mbele, mwendo wa risasi unashuka, na pengine risasi iliyokuwa inasubiri zamu yake inapasuka mlangoni.

Nilianza kwa kushuku kazi yangu mwenyewe. Nililegeza skrubu inayoushika ufito wa pampu kwenye mpini, na mpini ukateleza bila tatizo. Nilipoikaza, kukwama kukarudi. Hapo nikapaka ufito wa mwongozo wino mweusi wa kalamu nene kutoka mwanzo hadi mwisho, nikaupampu mpini mara ishirini, kisha nikauchomoa na kuutazama dirishani. Wino ulikuwa umebaki karibu kila mahali, isipokuwa mstari mmoja upande wa chini karibu na ncha ya mbele na mwingine upande wa juu karibu na shina. Mistari miwili iliyo pande zinazopingana ina maana moja tu: tundu la mpini halikutobolewa sambamba na tundu la ufito wa pampu. Mpini ulikuwa umeinama kwa kiasi ambacho jicho halikioni lakini chuma kinakihisi, na kadiri ulivyosogea mbele ndivyo fito mbili zilivyozidi kubishana.

Niliwaandikia karakana nikiwatumia picha za ufito wenye wino. Jibu la kwanza lilinishauri nipake grisi. Grisi huficha kasoro ya namna hiyo kwa wiki moja, kisha hukusanya mchanga na kuiongeza, kwa hiyo nilijibu kwa heshima kwamba sitapaka. Jibu la pili lilikuja na mpini mwingine bila malipo, na mpini huo wa pili ulikuwa jinsi wa kwanza ulivyopaswa kuwa: ukiiinua bunduki mdomo wa mtutu ukitazama chini, bila springi ya kurudisha, mpini unateremka wenyewe hadi mwisho kwa uzito wake. Hicho ndicho kipimo ambacho sasa ninakifanya kwa kila pampu ninayoishika, hata ya mtu mwingine, na nakipendekeza kwa yeyote anayepokea seti: kabla ya kuupenda uzuri wa rangi, ondoa springi na uone kama mpini unaanguka.

Kurekebisha vipimo baada ya kufunga ndiko kunakotenganisha pampu nzuri na ile inayochosha. Mwenye Autococker anayakumbuka mateso ya kulinganisha wakati wa kifyatulio kuiachia nyundo na wakati wa vali ya njia tatu kusogea, na furaha ya kwanza ya pampu ni kwamba mateso hayo yameondoka pamoja na vali yenyewe. Yamebaki mambo matatu. La kwanza ni urefu wa ufito wa pampu, unaobadilishwa kwa kuuzungusha ndani ya bloku ya nyuma: ukiwa mrefu mno, mpini unafika mwisho wa njia yake ya mbele kabla bloku haijalala kwenye bodi, ukiwa mfupi mno, mpini unagonga bodi kwa nyuma kabla nyundo haijashikwa. La pili ni ufito wa kukoki, ule uliofungwa kwenye nyundo na kupenya bloku ya nyuma. Ukiwa mfupi mno, kichwa chake hugusa bloku na kuizuia nyundo isifike sawasawa kwenye vali, na mchezaji huanza kutilia shaka gesi, springi na hata risasi, ilhali mkosaji ni robo ya mzunguko wa skrubu. Ukiwa mrefu mno, unaweza kuuvuta mpini hadi mwisho na bado usisikie mlio wa kushikwa. La tatu ni urefu wa meno ya nyundo yanayonaswa na kikomeo, ambayo kwangu sikuyagusa, kwa sababu yalikuwa sahihi tangu zamani na kitu kilicho sahihi hakihitaji fundi.

Uzito wa kuvuta mpini hautokani na mpini. Kila unapopampu, unaikandamiza springi ya nyundo kwa misuli yako, kazi ambayo hapo awali ilifanywa na silinda isiyochoka. Springi niliyokuwa nayo ilikuwa nzito, nayo ilinipa siku ya kwanza ya maumivu ya kiwiko ambayo niliyastahili. Nilibadilisha springi ya nyundo na ya vali kwa pamoja, zote zikawa laini zaidi, kisha nikaanza upya kutafuta presha inayozifaa. Ukibadilisha ya nyundo peke yake, nyundo inakosa nguvu ya kuifungua vali inayoshikiliwa na springi ngumu na presha kubwa, na ukijibu kwa kuongeza presha unazidi kuifunga vali badala ya kuifungua. Ni jambo linaloshangaza mara ya kwanza: unafungua regyuleta, kifaa kinachodhibiti presha ya gesi, unatarajia mwendo upande, na kipima mwendo kinakuonyesha umeshuka. Dawa ni kushusha presha hatua kwa hatua mpaka mwendo ufike kilele chake, kisha kuurekebisha kidogo kwa skrubu ya nyuma inayoikaza springi ya nyundo.

Kikomo kinachokubalika katika viwanja vingi kiko kati ya futi 280 na 300 kwa sekunde, na futi 300 ni karibu mita 91, kasi inayoweza kumwondolea mtu jicho, kwa hiyo kupima mwendo si jambo la hiari hata kwa bunduki inayopiga polepole. Nilipima risasi kumi nikitumia hewa iliyokandamizwa, na zote zikaangukia kati ya futi 274 na 283. Kabla ya kugeuzwa, bunduki hiyo hiyo na regyuleta hiyo hiyo vilikuwa vikinipa tofauti iliyozidi futi ishirini nilipopiga kwa haraka. Nadhani sababu si ustadi wa seti bali ni muda: kati ya risasi mbili za pampu, regyuleta inapata nafasi ya kujaza tena chumba cha vali. Mtu angeweza kupata matokeo yanayokaribia hayo kwa kupiga polepole na bunduki ya nusu otomatiki, kama angeweza kujizuia.

Ndipo tunapofika kwenye madai ya wauzaji kwamba pampu inalenga vizuri zaidi. Risasi ya peintiboli ya kipenyo cha inchi 0.68 ni ganda la jelatini lililojazwa rangi; haina kitu cha kuizungusha hewani, ina mshono katikati, na mara nyingi si duara kamili. Haiwezi kujua kama bolti iliyokuwa nyuma yake ilifungwa na mkono au na silinda. Autococker ilikuwa ikipiga huku bolti ikiwa imefungwa hata kabla ya kugeuzwa, kwa hiyo hata ile hoja ya zamani ya bolti iliyofungwa dhidi ya bolti iliyo wazi haina pa kusimama hapa. Kinacholenga vizuri zaidi ni mchezaji, maana anajua kwamba akikosa itambidi asogeze mkono, na mkono unaosogea huonekana. Jambo moja la kiufundi linabaki kuwa muhimu, nalo ni kuoanisha tundu la mtutu na risasi. Kwa kuwa risasi hukaa ndani ya mtutu ikisubiri, wakati mwingine kwa dakika kadhaa huku umejificha, mtutu mpana kuliko risasi huiacha iteleze mbele na hata kuanguka, na unapofyatua unatoa pumzi tupu. Mimi hupuliza kwa mdomo: bunduki ikiwa mbali, mtutu ukiwa umefunguliwa, risasi ikae bila kuanguka yenyewe lakini itoke kwa pumzi moja. Vile vizuizi vidogo vya mpira vinavyoizuia risasi mlangoni navyo vikichakaa vibadilishwe, maana pampu inavitegemea kuliko bunduki ya nusu otomatiki.

Uwanjani, kosa lililonisumbua kwa wiki tatu za mwanzo ni kupampu nusu. Katika hamaki ya mchezo unauvuta mpini robo tatu ya safari, risasi inaingia lakini nyundo haishikwi, unavuta kifyatulio na hakuna kitu, unapampu tena kwa hasira, risasi ya pili inaingia nyuma ya ya kwanza, na zote mbili zinageuka supu ndani ya mtutu. Nimeufuta mtutu wangu kwa namna hiyo mara nyingi kuliko ninavyopenda kukiri. Mkono hatimaye hujifunza kusikiliza milio miwili, ule wa nyuma wa nyundo kushikwa na ule wa mbele wa bloku kugonga bodi, na kutofyatua mpaka isikike yote miwili. Kupampu ukiwa umelala kifudifudi ni taabu ya aina yake; kiwiko cha kushoto hakina pa kwenda, na nimeona ni afadhali kujiviringisha ubavuni kidogo kuliko kuinua kifua.

Matumizi ya risasi yamepungua kiasi cha kunitia aibu kwa jinsi nilivyokuwa nikitumia. Kasha la risasi 2000 lilikuwa likiniishia katika siku mbili za mchezo. Sasa siku nzima hula chini ya 300, nami nimeiweka kando hopa ya betri na kurudia hopa ndogo ya kawaida inayotegemea risasi kuanguka zenyewe. Gesi pia inadumu zaidi, kwa sababu mtambo wa mbele ulikuwa ukijichukulia sehemu yake kila risasi ilipopigwa. Siwaondoi wapinzani wengi kama zamani, na sitadai kinyume chake, lakini ninaondolewa mara chache zaidi, kwa kuwa nimeacha kusimama mahali pamoja nikimwaga rangi huku kila mtu akijua nilipo. Mchezo wa kwanza kabisa wa peintiboli, uliochezwa mwaka 1981 huko Henniker, New Hampshire, na watu 12 waliotumia Nelspot 007, bastola iliyokusudiwa kutia alama miti na ng'ombe, ulishindwa na mtaalamu wa misitu Ritchie White, ambaye inasimuliwa kwamba hakufyatua hata risasi moja. Pampu humrudisha mtu karibu na akili ya namna hiyo, kama anataka kurudi.

Anayefikiria seti hii ili aingie kwenye mchezo wa pampu za kale asijidanganye. Katika daraja hilo bunduki hutumia kichupa kidogo cha gramu 12 cha kaboni dioksidi, na risasi hukaa kwenye bomba lililolala sambamba na mtutu, hivyo kwamba mchezaji huiinamisha bunduki ili risasi inayofuata ijongee. Autococker iliyofungwa mpini bado ina hopa juu na chupa kubwa chini. Ni pampu, lakini si pampu ya daraja hilo. Vilevile seti hii haina kile kifaa kinachokuwezesha kukishikilia kifyatulio na kupiga kwa kupampu tu. Wapo wanaokiona kuwa cha lazima. Mimi naona aliyeondoa mtambo wa hewa ili apunguze kasi, kisha akanunua kifaa cha kuirudisha kasi, angebaki na mtambo wake.

Nimeulizwa mara kadhaa kama seti ya aina hii inaweza kufungwa kwenye bunduki kama Spyder au Tippmann 98. Zinapatikana njia za kuzigeuza, lakini kazi ni tofauti kabisa, na ndugu mmoja ninayecheza naye aliijaribu kwa Spyder akanipa somo la bure. Katika bunduki hizo nyundo na bolti zimeunganishwa, hupiga bolti ikianza kutoka nyuma, na sehemu ya gesi ya kila risasi hurudi kuisukuma nyundo mpaka inaswe tena. Yeye aliweka mpini na ufito, akasahau gesi ya kurudi. Matokeo yalikuwa bunduki yenye mpini wa pampu iliyoendelea kujikoki yenyewe kama kawaida, huku mpini ukirukaruka mkononi mwake kwa kila risasi. Ili igeuke kweli, ilimbidi aizibe njia ya gesi inayokwenda nyuma, aitenganishe nyundo na bolti ili moja ibaki nyuma nyingine ikirudi mbele, na achonge nafasi ya ufito ubavuni. Alifika mwisho wa kazi hiyo, na anaipenda bunduki yake kama mtu anavyompenda mtoto aliyemsumbua, lakini kwa saa alizotumia kwenye jiliwa na tupa, angetafuta pampu iliyozaliwa pampu.

Kwa upande wa kifyatulio cha Autococker, seti inaacha jambo moja bila kulimalizia. Vali ya njia tatu ikiondoka, nusu ya pili ya safari ya kifyatulio inabaki bila kazi, na kidole kinaendelea kutembea hewani baada ya risasi kwisha kutoka. Nililimaliza kwa skrubu ndogo ya kuzuia niliyoifunga nyuma ya kifyatulio, na sasa kinasimama pale pale nyundo inapoachiwa. Skrubu kama hiyo ingestahili kuwemo kwenye boksi tangu mwanzo, na karatasi ile ya maelekezo ingeweza kuitaja kwa mstari mmoja.

Sehemu zote nilizoziondoa zipo kwenye kopo lenye kifuniko, kila moja kwenye kifuko chake, zikiwa na tone la oili, kwa sababu ubora mmoja wa mageuzi haya ni kwamba hayakunilazimu kukata wala kutoboa chochote, na bunduki inaweza kurudi ilivyokuwa ndani ya jioni moja, pamoja na jioni nyingine mbili za kulinganisha vali ya njia tatu. Juzi niliufungua mpini kuusafisha, nikauangalia ufito wa mwongozo kwa wino ule ule. Kuna mstari mmoja hafifu unaong'aa upande wa chini, sawasawa kutoka mwanzo hadi mwisho, na kucha ikipita juu yake haihisi kitu.